Mstari wa Bluu kwenye Mfupa wa Paja

Kila Jumatano, hapa kwetu Bergen, tunaacha mabuti yaliyolowa mlangoni na kuingia darasani na soksi. Kwa wiki tatu Jumatano zangu zote ziliishia kwenye mfupa mmoja wa paja, wa plasta, mrefu kuliko rula; kila mwanafunzi alikuwa na wake. Tulitakiwa kupaka rangi nyekundu pale msuli unapoanzia na bluu pale unapoishia. Mfupa utakaoshinda ungewekwa kwenye maonyesho ya wazazi Jumamosi, na mimi niliitaka nafasi hiyo hadi nikawa naiota.

Jumatano ya mwisho Mwalimu Torunn aliinua mfupa wangu na wa jirani yangu, Sindre. Akakunja uso.

"Ragnhild, Sindre, hii ni pacha. Hata pale brashi ilipoteleza, imeteleza kwenu wote wawili! Mmoja ameiga. Nisipomjua, hakuna mfupa wenu hata mmoja utakaokwenda kwenye maonyesho."

"Ni Ragnhild," Sindre akawahi. "Kutwa ananichungulia."

Masikio yaliniwaka moto. "Nikuchungulie nini, wewe? Wiki mbili nzima ulikuwa unajipaka rangi puani!"

"Muongo!"

"Muongo mwenyewe, na pua bado ina bluu!"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nilitamani kumvunjia ule mfupa kichwani, ila nilikuwa nimeuhangaikia mno.

"Kimya!" Mwalimu akatuwekea mifupa mbele yetu, upande wa nyuma ukiwa juu. "Fumbeni macho. Nionyesheni kwa kidole msuli mkubwa wa tako unapoishia."

Mimi sikuhitaji hata kufikiri. Kidole kilipanda kwenye ukingo mrefu wa nyuma, kikaingia upande wa nje, panapokwaruza kama ulimi wa paka. Nilipofumbua macho, kilikuwa juu ya mstari wangu wa bluu.

Kidole cha Sindre nacho kilipapata panapokwaruza. Lakini pale palikuwa peupe. Bluu yake ilikuwa upande wa pili, kwenye plasta laini.

Hapo nikaelewa. "Mwalimu, wangu ni wa mguu wa kulia. Wake ni wa kushoto! Kaiga kila kitu upande uleule, bila kugeuza. Mtu wake ana tako katikati ya mapaja. Atakaaje kitini, maskini?"

Darasa zima liliangua kicheko. Sindre alitazama soksi zake.

"Niliiga," akasema polepole. "Samahani, Ragnhild."

Kuiga ningesamehe; kunisingizia kulinichoma.

Mwalimu Torunn alimkabidhi Sindre msasa. "Kwangua rangi yote, uanze upya leo hii. Msuli huvuta mfupa miaka mingi hadi ukaacha alama. Alama hiyo ilikuwa mikononi mwako wiki tatu, nawe ukaenda kutazama ya mwenzako. Kazi ya kuiba huwezi kuitetea, kwa sababu huijui. Ndiyo maana ukakimbilia kumchafua mwenye nayo."

Kisha akauchukua mfupa wangu, akauandikia jina langu kwa herufi kubwa, na kuupeleka mwenyewe kwenye kabati la maonyesho.