Diski Isiyo na Waya

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa kompyuta hospitalini. Hifadhidata ya wagonjwa iliharibika, akaitwa.

"Bosi, tunakili kwanza ndipo tuiguse."

"Nakala ya nini? Rekebisha hapo hapo!"

Akarekebisha. Kumbukumbu zote zikafutika, zikiwemo za mama yake, aliyefia wodini humo kwa ugonjwa wa kifua. Bosi akanawa mikono; lawama zote akatwishwa fundi, na kazi ikaota nyasi.

Kwa uchungu akaing'oa kwenye kompyuta diski iliyokuwa na kumbukumbu hizo, akaiweka mezani bila waya hata mmoja. Mara umeme ukakatika. Chumba hakikuwa na dirisha. Gizani, diski ikaanza kukwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena, taratibu, kama mtu avutaye pumzi kwa shida.

"Mama?" akanong'ona.

Diski ikakohoa.