Pembe ya Nyuzi Sitini

Kila asubuhi kabla ya kengele, Kidoti alipanga vifaa vyake juu ya dawati: rula, penseli iliyochongwa vizuri na bikari inayong'aa. Aliongoza darasa kwa hesabu, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sindano ya bikari hiyo.

Siku hiyo walikuwa na kazi ya nyumbani ya kukusanya. Mwalimu wa hesabu aliwataka waigawe pembe ya nyuzi sitini katika sehemu tatu sawa, kwa bikari na rula tu, bila kupima. Atakayemridhisha ndiye angekwenda kwenye mashindano ya shule, na nafasi ilikuwa moja.

"Hebu tuone yako," Kidoti alimwambia jirani yake, binti wa fundi viatu, ambaye darasa zima lilimwita Kijiti kwa wembamba wake. Akampokonya daftari. Ukurasa ulikuwa umefutwafutwa na kutobolewa kila mahali. Chini Kijiti alikuwa ameandika: *Nimejaribu mara kumi na tisa. Nimeshindwa.*

"Jamani, njooni muone chujio la chai!" Kidoti alipaza sauti.

Darasa likaangua kicheko. Daftari likapita mkono kwa mkono, na kila aliyelishika akaongeza kejeli yake. Kijiti akajiinamia, machozi yakimdondoka. Hakuna aliyemwonea huruma.

Mwalimu, aliyekuwa ameyasikia yote akiwa mlangoni, aliingia, akapitia madaftari yote.

"Kidoti, ulitumia bikari?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Njoo uirudie kazi yako ubaoni."

Kidoti alichora tao, akafuta. Akachora jingine, akafuta. Chaki ikamkatikia mkononi. Wale wale waliomcheka Kijiti sasa wakamcheka yeye.

"Mnacheka nini?" mwalimu alifoka. "Wote mmepima kwa kipimapembe, kisha mkachora matao ya kudanganyia! Pembe hiyo haigawanyiki sehemu tatu sawa kwa bikari na rula. Imethibitishwa zamani. Hata mimi siwezi."

"Kumbe!" Kijiti alisema, akifuta macho. "Mimi nilidhani ni ujinga wangu."

"Hapana, mwanangu. Nilikuwa namtafuta mtu wa kuniambia ukweli, nimempata mmoja darasa zima. Jiandae, mashindano utakwenda wewe." Kisha akamgeukia Kidoti, aliyekuwa bado ubaoni, mikono imejaa vumbi la chaki. "Kudanganya ni kosa, nawe umelifanya. Lakini kumliza mwenzako kwa sababu yeye hakudanganya, huo ni ukatili. Mwombe radhi hapa hapa, kwa sauti ile ile uliyomchekea."