Ndara za Wageni

Srr, srr, srr. Ndara ndogo zilikuwa zikiburuzwa kwenye marumaru gizani, na kabla hajawasha taa Suyin alijua binti yake ameamka.

"Mama, leo unakwenda kwenye ndege?"

"Nakwenda. Bibi atakupa uji. Rudi kitandani, Mianmian."

Ilikuwa wiki ya maonyesho ya ndege na silaha, na mji mzima wa Zhuhai, kusini mwa China, haukuwa na chumba cha hoteli kilichobaki. Suyin alivaa gauni lake la buluu, akafunga nywele kisogoni, akaenda kufanya kazi iliyowalisha yeye na mwanawe tangu alipoachika: kutafsiri Kiarabu kati ya wanaouza silaha na wanaonunua.

Ukumbini hapakuwa na pa kukanyaga. Maofisa wa nchi hii na ile walipita kati ya makombora yaliyopakwa rangi safi kama majokofu, wakiyagonga kwa kucha. Kila maonyesho wanunuzi walizidi. Vitu vyenyewe vinakwenda kufanya nini huko, Suyin alikwisha kuacha kujiuliza. Alipelekwa kwa jenerali wa Kiarabu aliyekuwa akiitazama ndege ya kijivu isiyo na rubani. Pembeni ya ndege alisimama fundi mrefu, shati lake limepigwa pasi upande mmoja tu.

"Mwambie haianguki," fundi alisema.

"Ameuliza kama inavumilia vumbi. Hajauliza kuanguka."

"Basi mwambie vumbi ndiyo chakula chake."

"Hilo sitafsiri."

"Tafsiri bwana, acheke, anunue, tukale."

Akatafsiri. Jenerali akacheka mpaka kofia ikasogea. Mchana fundi huyo, Mo Kaiwen, alimletea yai lililochemshwa kwenye chai, amekwisha kulimenya.

"Wewe, mikono umenawa?"

"Nimefuta kwenye shati. Ule upande usiopigwa pasi."

Mapenzi yakaanzia hapo. Jumapili Kaiwen alikuja kula, akavua viatu mlangoni, akatia miguu kwenye ndara za wageni, visigino vikabaki nje. Mianmian alimcheka kila alipopita.

Jumapili moja Suyin alimwambia, "Kesho nakununulia zako, usiwe mgeni tena."

"Bado kidogo, mpenzi."

"Bado nini? Ndara tu hizo."

Kaiwen akainuka kukusanya bakuli. Na Suyin, akiosha bakuli, akajijibia mwenyewe: ni mtoto. Mwanamume ambaye hajaoa, mama yake hawezi kukubali mwanamke mwenye mtoto.

Siku ya pili yake Kaiwen aliandika kwamba anasafiri kikazi, kisha simu yake ikazimwa. Kiwandani kwao ndivyo ilivyo. Wanaopeleka mzigo kwa mnunuzi huacha simu kwenye visanduku vya getini, na hawasemi wanakwenda wapi wala watarudi lini. Suyin aliijua desturi hiyo kuliko mtu yeyote. Alipiga hata hivyo, akapiga tena.

"Wanaume wa kiwanda kile wote wako hivyo," mama yake alisema.

"Si kiwanda, mama. Ni ndara."

Mama yake akamtazama kama mtu mwenye homa.

Sikukuu ya mwaka mpya ikapita. Baridi ilipoanza kulegea, simu ikalia.

"Haloo, Mama Mianmian."

"Nani mwenzangu?"

"Usinifanyie hivyo, Suyin."

"Mwenye sauti hiyo alipotea."

"Nilipeleka ndege."

"Wapi?"

"Unajua hilo siwezi kusema."

"Haya. Huko kuna joto?"

"Pua imebanduka ngozi yote."

Nusura acheke, akajizuia. "Sikiliza, Kaiwen. Safari sijaikasirikia, mwenyewe nakula kwa biashara hiyohiyo. Lakini kama tatizo ni mwanangu, sema, nijue moja."

"Mianmian? Anahusikaje?"

"Ndara ulizikataa kwa nini?"

Akamsikia Kaiwen akishusha pumzi. "Sisi wa kiwandani hatuchumbii kimyakimya. Ukimtaka mtu, unamtaja kwanza kwa wakubwa. Na wewe kila maonyesho unaongea na wageni, na sisi tumebeba siri. Nikikutaja, mmoja wetu lazima aachie. Wewe ukalimani, au mimi safari. Nilikuwa sijaamua."

"Ungeniuliza."

"Hairuhusiwi kuuliza kabla ya kutaja."

"Hiyo ndiyo akili?"

"Ndiyo kanuni."

"Basi sikia yangu. Ukalimani siachi. Sijamlea huyu mtoto kwa kumwombea kwa mtu." Akakata simu, kisha akaketi ameishika mkononi muda mrefu, akiogopa kwamba amemfukuza kweli.

Jumapili mlango ukagongwa. Kaiwen alikuwa amesimama na mfuko wa tende, pua yake rangi mbili, shati limepigwa pasi pande zote.

"Nimekutaja," alisema. "Kazi yako hawaigusi. Mimi nimewekwa kukagua injini hapahapa. Sitasafiri tena."

"Safari ulikuwa unazipenda."

"Nilizipenda."

"Na ndege atapeleka nani?"

"Oda zimejaa hata hatuna pa kuziweka. Atapeleka mwingine. Mimi hazinihitaji."

Suyin akawaza kumwambia kwamba hakumwomba hayo, lakini akasogea tu kumpisha. Kaiwen akainama, akavua viatu. Akapenyeza mkono chini ya tende, akahangaika kidogo na mfuko.

Mianmian akatoka jikoni, uji mdomoni. Akatazama ndara za wageni zilizobaki ukutani, kisha akatazama miguu ya Kaiwen.

"Mama, amekuja na ndara zake mwenyewe."