Hatua Kumi

Plagi ilikuwa mkononi mwake, na kompyuta bado inavuma.

Mchora ramani aliitazama ile plagi, akautazama ukuta, akaitazama tena plagi. Ilikuwa saa tisa mchana, jua linawaka dirishani, jirani anasugua sufuria nje. Hakukuwa na kitu cha kutisha mtu mzima. Lakini feni ya kompyuta ilikuwa ikizunguka, na chumba kilinuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati.

"Umeifanya nini kompyuta yangu?" aliuliza, na wala hakuuliza kwa upole.

Ilikuwa yake kweli. Ndiyo aliyochorea nyumba za watu, kuta, milango na ngazi. Mumewe, fundi wa friji ambaye mtaa mzima ulimwita Barafu, aliruhusiwa kuchezea gemu la mbio za magari jioni, basi. Kucheza, siyo kufungua. Tatizo ni kwamba shemeji yake, mdogo wa mchora ramani, alikuwa akimshinda kila siku halafu anampigia simu kumwuliza kama lile gari analiendesha au analisukuma. Na Barafu alikuwa baridi kwa jina tu.

"Nimeipandisha kasi," alisema. "Kiwandani huwa wanazibana hizi. Nimeilegeza kidogo."

"Nani kakufundisha?"

"Nimesoma mwenyewe."

"Ukasoma yote?"

Barafu akajikuna shingo. "Nusu."

Ile nusu aliyosoma ilieleza namna ya kupandisha. Nusu aliyoiruka ilisema upande hatua moja, uijaribu mashine, upime joto, uandike, ndipo upande nyingine. Mjinga yule alipanda hatua kumi kwa mkupuo. Kompyuta ikazima. Akaiwasha, ikazima, mara saba. Sasa, Barafu alikuwa na tabia moja kazini ambayo wateja waliicheka: alizungumza na mitambo. Friji ikigoma aliibembeleza, "Haya mama, shika, shika mama," na ikizidi kugoma aliitukana. Miaka kumi na mitano hakuna friji iliyowahi kumjibu. Lakini siku ile, kompyuta ilipozima mara ya saba, aliipiga ngumi akafoka, "Yeyote aliyemo humo, iwashe! Hata kama ni jini, iwashe, mengine tutaelewana!"

Ikawaka. Hilo hakumwambia mkewe.

Wiki ile Barafu alimshinda shemeji yake kila siku, mpaka shemeji akaacha kupiga simu. Mchora ramani angefurahi, maana nyumba ilitulia, lakini haikuwa imetulia. Mumewe alianza kula bila kutafuna. Alimaliza sentensi kabla hajaianza vizuri. Asubuhi alikata kucha, na kufika adhuhuri zilikuwa zikigongagonga sahani. Mchora ramani akakasirika, kwa kuwa kwake hofu hutoka kama hasira, akagomba jikoni, akagomba ukumbini, na kila alipogomba feni kule chumbani iliongeza mvumo, naye akaenda kuizima na kukuta imezimwa, akamwita mumewe na kumkuta ameketi mbele ya skrini nyeusi, macho hayapepesi, vidole vinakimbia juu ya vitufe kuliko vidole vya binadamu vinavyoweza kukimbia, ndevu zilizokuwa nyeusi Jumatatu zina mvi mpaka kidevuni, na sauti mbili, yake na nyingine kavu isiyokuwa yake, zinanong'ona pamoja: "Bado. Ongeza. Bado."

Akamgusa shingo. Ngozi ilimuunguza kiganja.

Mganga aliyeitwa alikuwa bibi mfupi mwenye miwani, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Alinusa mlangoni, akavua viatu, akamhoji Barafu mpaka yakatoka yote, ngumi na ile ahadi. Kisha akamvuta mchora ramani ukumbini.

"Jini ni moto," alinong'ona. "Huyu kakaribishwa mahali pa joto, na kwa ulimi. Sasa anamwendesha mumeo kama mumeo alivyoiendesha ile mashine. Miaka ya uhai anaitumia kwa siku."

"Basi naivunja sasa hivi!"

"Shhh! Punguza sauti. Ukimkata ghafla atatoka na roho ya mtu. Mumeo alipanda hatua ngapi?"

"Kumi."

"Atashuka kumi. Kila siku hatua moja, mumeo mwenyewe kwa mkono wake, mimi nikimsomea. Na wewe, hasira zako ziache nje pamoja na viatu. Aliitwa kwa hasira, na hasira ndiyo chakula chake. Atakayempa hasira, jini atamhamia huyo."

"Mimi nina hasira gani?" mchora ramani akafoka.

Kule chumbani feni ikapanda. Bibi akamtazama juu ya miwani.

Wakaanza. Siku ya kwanza Barafu alikaa saa nzima kabla kidole hakijakubali kubonyeza kitufe cha kushusha. Ya nne akatafuna mkate. Ya saba akalala mchana kama mtoto, na mkewe akakaa kando ya kitanda akihesabu pumzi zake, moja, mbili, taratibu, akamshukuru Mungu kwa kila moja. Muda wote huo alimeza hasira kama vidonge bila maji. Shemeji alipiga simu kucheka, akameza. Wateja walidai ramani zao, akameza. Alimwangalia yule mwanamume aliyezeeka kwa ajili ya gari la kwenye kioo, akameza.

Siku ya kumi ilibaki hatua moja. Barafu, mvi zake usoni, macho yake yamerudi kuwa yake, aliweka kidole juu ya kitufe, halafu akageuka.

"Mke wangu," alisema, anatabasamu. "Hii moja si tuiache? Moja tu. Haina madhara. Jumamosi nina mbio na shemeji."

Bibi akainua mkono haraka, lakini alikuwa amechelewa.

"Moja?" Mchora ramani alisimama, kiti kikaanguka. "Moja! Siku kumi nakuhesabia pumzi, nakupangusa jasho, nashindwa hata kulia kwa sauti nyumbani kwangu, wewe unawaza mbio? Mshenzi mkubwa! Ningekuacha uungue! Na wewe mdudu uliyemo humo, toka! Toka kwa mume wangu, kama una njaa njoo kwangu nikuonyeshe moto!"

Barafu akashtuka, kidole kikabonyeza.

Feni ikanyamaza. Harufu ya kuungua ikakatika. Barafu akapumua kwa kina, ngozi yake imepoa, akaomba msamaha huku analia, na mchora ramani akamkumbatia na kulia naye. Bibi peke yake hakufurahi. Alikusanya vitu vyake, akamwangalia mchora ramani kwa muda mrefu, akasema, "Nitarudi kesho."

Asubuhi mchora ramani aliketi kumalizia ramani ya ghorofa mbili, kazi ya wiki tatu. Barafu akamletea chai. Alipoinama kukiweka kikombe aliona ramani imekwisha, milango, ngazi, mpaka misumari, na vidole vya mkewe vimekwishaanza nyingine. Kucha ziligonga vitufe, ndefu.

Plagi ilikuwa chini sakafuni.

Barafu alimwekea mkono begani, akauondoa upesi. Alikuwa fundi, miaka kumi na mitano kiganja chake kilijua joto la kila mota. Ule mvumo haukutoka kwenye kompyuta. Ulitoka kifuani.

"Nini tena?" mkewe akafoka bila kugeuka, na mvumo ukapanda.

Akapiga magoti kando ya kiti. Kwa sauti ile ile aliyozibembelezea friji za watu, huku machozi yanamtoka, akaanza kunong'ona, "Haya mama. Shuka. Taratibu, mama, shuka."

"Bado," ikajibu sauti kavu. "Ongeza."