Kombe la Ukutani

Kwa jina la Mola ayaonaye yaliyo gizani. Mimi, mzaliwa wa Msimbati, nasimulia yaliyomfika sahibu yangu Nassoro.

Ukungu mweusi wa bafuni, kila akiusugua, ulirudi, na bintiye Somoe akazidi kubanwa kifua. Shehe akamwandikia mtoto kombe, aya za zafarani zilizooshwa kwa maji, anywe. Nassoro akalichanganya na chokaa, akaupaka ukuta.

“Baba Somoe, maandiko matukufu chooni? Huogopi?” mkewe alimaka.

“Mgonjwa ni ukuta, mama. Acha ulinywe.”

Magharibi umeme ukakatika. Kikohozi cha Somoe kikasikika bafuni. Nassoro akapapasa gizani hadi mlangoni.

“Mtoto anafanya nini huku?”

“Huyu hapa, amelala,” mkewe akajibu toka chumbani. “Anapumua vizuri kabisa.”

Ukutani kikohozi kikaendelea, kikavuta pumzi kwa shida, kisha kikaita: “Baba.”

Mola awahifadhi mliosikiliza, nyinyi na watoto wenu.