Mgeni wa Mlango Uliozibwa

Hodi ilitoka ndani ya ukuta. Dancille alikuwa akiwatembeza wageni wa kanisani katika Gamla Stan, mtaa mkongwe wa Stockholm, na walikuwa wamesimama kichochoroni mbele ya mlango uliozibwa kwa mawe tangu karne zilizopita. Sauti ilikuwa ya upole, tena ya Kiswahili. Akadhani mmoja wao anamtania.

"Karibu," akajibu akicheka. Hakuna mwingine aliyecheka. Mdomo ulikuwa umeshakiponza kichwa.

Jioni ile nyumbani kwake Jordbro, kitongoji cha nje ya jiji, kulinuka mawe mabichi. Kiti cha mezani kikavutwa, na hakuna aliyekigusa. Binti yake Gaëlle, wa miaka saba, akasukuma sahani; akasema mgeni ndiye anayekula. Siku zikapita, mashavu ya mtoto yakabonyea, mikono ikawa ya baridi hata chini ya blanketi, na Dancille akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

"Mama," Gaëlle alinong'ona, "anasema nikahamie kwake."

Dancille akamwita Mama Leokadia, mwombezi mzaliwa wa Uvira. Yule mama alinusa tu pale mlangoni, akashusha sauti.

"Ni weye ulimukaribisha. Mgeni hafukuzwi, anasindikizwa. Umupeleke mpaka kwake, usigeuke nyuma. Mimi nitabakia na mtoto."

"Na asipotaka?"

"Mwenyeji akisimama, mgeni anajua."

Dancille akavaa koti, akasema twende, na ndani ya treni alisikia pumzi ya baridi shingoni kila kituo, abiria wakihama viti vya karibu naye bila kujua kwa nini, harufu ile ikizidi kumkaba, halafu nyayo zikamfuata kichochoroni, taratibu, zisizo na haraka, mpaka mbele ya ule mlango, ambapo baridi ilimpita begani ikazama kwenye mawe.

Simu ikaita. "Mtoto anakula," alisema Mama Leokadia. "Ameomba na chai."

Dancille akarudisha simu mfukoni kwa furaha, tayari kuondoka. Lakini alikuwa mtu aliyelelewa vizuri. Tangu utotoni Bujumbura hakuwahi kumsindikiza mgeni bila kuagana naye. Kabla hajawaza, maneno yalikwisha kutoka.

"Haya. Karibu tena."



"Asante, mama," ikajibu ile sauti ya upole. "Tutakuja na watoto."