Alama ya Msumari

Kila asubuhi Shiuli alishuka bwawani kusugua vyombo kwa majivu. Chungu kimoja alikishika kama yai. Kilikuwa na alama ya nusu lita aliyoichora Dada Anwara, mwalimu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba.

"Mtoto akiharisha, maji yaliyochemka yafike hapa," alikuwa amewafundisha Shiuli na mama yake. "Chumvi ya kubana kwa vidole vitatu. Sukari guru konzi moja. Umeshika, we domo kaya?"

"Nimeshika kuliko wewe, dada," Shiuli alijibu, wakacheka.

Siku moja chungu kilimponyoka, kikapasuka. Akiogopa kufokewa, alichukua kingine akakichora kwa msumari, kimo kilekile. Hakufikiri kwamba hiki kilikuwa chembamba.

Mwezi uliofuata mdogo wake, Moti, aliharisha. Mama alipima mpaka kwenye alama, akamnywesha kutwa nzima. Moti alikunywa kwa pupa, akazidi kukauka midomo. Siku ya pili walimzika nyuma ya migomba.

"Nilipima sawasawa," mama alikuwa akisema hata akiosha mchele. "Wallahi nilipima."

Shiuli alisikia, akazidi kusugua vyombo.

Siku ya nane baada ya mazishi, Dada Anwara alikuja kutoa pole. Hajakaa vizuri mkekani, jirani yao Komola akaingia mbio.

"Mama Moti, niazime kile chungu chenye alama! Mwanangu anaharisha maji matupu!"

Mama alikinyanyua. Shiuli akamrukia mkono.

"Usimpe!"

"Una wazimu?"

"Alama ni yangu mimi, mama. Cha dada nilikivunja."

Mama alikiweka chungu chini. Dada Anwara alimimina humo nusu lita kutoka kwenye chupa yake ya kupimia. Maji yakaipita alama, yakafika ukingoni.

"Sikilizeni," alisema, akichanganya dawa upya. "Utumbo umejengwa kwa seli, vijumba vidogo tusivyoviona. Chumvi na sukari zikiyeyuka kwa kiasi, seli huzipokea pamoja, na maji huzifuata ndani. Maji yakiwa machache chumvi huzidi, na maji hutoka kwenye seli yakaifuata chumvi tumboni. Mtoto anakunywa huku anakauka." Akamnyooshea Shiuli kijiko. "Onja. Isizidi chumvi ya machozi yako."

Shiuli hakuhitaji kuyatafuta machozi. Yalikuwa mdomoni tayari.

"Haizidi," alinong'ona.

Komola aliondoka na dawa hiyo. Alasiri alituma habari: mtoto amekojoa, anadai wali.

Dada Anwara alimvuta Shiuli karibu. "Ugonjwa hukuuleta wewe, na kama Moti angepona, hakuna ajuaye. Lakini chungu kuvunjika ni jambo la kufokewa siku moja. Ungesema, ningechora kingine siku ileile. Ukikosea, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka. Leo umesema, na mtoto wa watu yu hai."

Jua lilipoinama mama alileta chungu kipya, chupa ya Dada Anwara na msumari, akaviweka mbele ya bintiye.

"Mimina," alisema. "Chora. Mara hii tutaangalia sote wawili."